Wamekuvamia, wamekushambulia au wamekuelemea? Chagua kitenzi kabla hujaandika

Mi nina stationari ndogo huku Igoma, Mwanza, kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi na mashine ya fotokopi, na kinachonilisha hasa sio fotokopi, ni kuandikia watu barua. Barua ya kuomba kazi, barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, barua ya kumwomba mwenye nyumba avumilie mwezi mmoja. Mtu anakaa kwenye stuli anaongea, mi nachapa. Sasa mwaka jana akaja mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kajaa hasira mpaka mtandio unamdondoka, jirani yake kasogeza fensi usiku, kaingia kwenye kiwanja chake kama hatua nne. Akaniambia, "Mwanangu andika hivi, huyu baba kanishambulia." Na mi kwa haraka zangu, nyuma yake foleni ya wanachuo wanataka kubaindi ripoti, nikachapa kama nilivyosikia: nimeshambuliwa na jirani yangu usiku wa kuamkia Jumanne. Nikaprinti, akalipa buku, akaenda.

Kesho yake saa tatu huyo mlangoni. Kule ofisi ya mtaa wamemuuliza umeumia wapi mama, na kama ulishambuliwa PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, iko wapi, polisi ulienda? Mama wa watu hana hata mkwaruzo. Ikaonekana anamsingizia mwenzie, na yule jirani ndo akapata la kusema. Kosa langu bhana, mteja anaongea kwa hasira, anayechapa ndo anatakiwa achague neno.

Tangu siku ile nimekuwa kama mgonjwa wa hivi vitenzi. Nikiwa kwenye daladala redio inaongea mi nasikiliza nani kavamia, nani kashambulia, nani kazidiwa, nikinunua maandazi nasoma gazeti lililofungia. Kwahiyo naviweka hapa kimoja pembeni ya kingine kama ninavyovitofautisha, ukiwa unaandika taarifa, barua au hata stetasi ujue unachukua kipi.

Kuvamia na kushambulia

Hivi ndo mapacha vinavyochanganywa kila siku, na ukiulizia kwenye kamusi unakuta kimoja kinatumika kumwelezea mwenzie, kwahiyo kamusi haikusaidii sana. Ila ukivitazama vinavyotembea mdomoni mwa watu tofauti inaonekana. Kuvamia kuna mguu ndani yake. Anayevamia ameingia mahali, au amemwangukia mtu, ghafla na bila kuitwa. Anaweza asimguse mtu hata kidogo. Kushambulia kuna kipigo ndani yake, au nia ya kudhuru, na anayeshambulia anaweza akawa mbali kabisa, hata angani, hata nyuma ya simu yake kitandani.

Historia ya ziwa letu la Victoria yenyewe inafundisha. Juni 1915, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walitoka Kisumu kwa meli wakaja kuivamia Bukoba iliyokuwa chini ya Wajerumani, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli zao wakarudi. Hapo waliingia na walipiga, vitenzi vyote viwili vinakaa, ila huwezi kusema waliiteka Bukoba maana hawakubaki. Mwaka uliofuata, Julai 1916, wakaja Mwanza, na safari hii walikuja kukaa, kwahiyo Mwanza ilitekwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka yakaingia Kagera, yakavamia, halafu yakabaki, na Amin akatangaza lile eneo ni lake, hapo kitenzi kinahama kinakuwa kulikalia. Machi 1979 ndege ya Libya, maana Libya ilikuwa inamsaidia Amin, ikaja mpaka juu ya Mwanza ikitafuta matangi ya mafuta, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Sasa hiyo ndo kushambuliwa. Mwanza ilishambuliwa lakini haikuvamiwa, hakuna askari wa adui hata mmoja aliyekanyaga Kirumba wala Nyamagana, na mtu akiandika "Mwanza ilivamiwa 1979" atawashangaza wazee waliokuwepo.

Unaona? Ziwa moja, vitenzi vinne, na kila kimoja kina habari yake.

Ukitaka mfano usio na damu, chukua wale wadudu wa ziwani. Mtu wa Mwanza anawajua, jioni ukiwa maeneo ya Capri Point unaona kama moshi umesimama juu ya maji, nguzo nzima inatembea taratibu kuja nchi kavu, na ikifika kwenu ukiwa umesahau kufunga dirisha imekula kwako. Wanajaa kwenye taa, wanajaa kwenye supu, asubuhi unafagia beseni. Ila hawang'ati. Hata mmoja. Kwahiyo ukisema "wadudu wametuvamia" umesema sawasawa, ukisema "wadudu wametushambulia" mgeni wa Dodoma atakuuliza mmepaka dawa gani. Nyuki sasa, nyuki ni kinyume, nyuki hata wakiwa kwenye mwembe wao wenyewe, we ndo umepita na harufu ya mafuta yako ya nywele, wanakushambulia. Hapo mvamizi ni we.

Na wakulima wana mdudu mmoja anayebeba vitenzi vyote viwili kwenye jina na kazi. Kiwavijeshi vamizi. Viwavijeshi vya kawaida tulikuwa navyo tangu zamani, huyu asili yake ni Amerika, akaonekana Afrika 2016 na mwaka uliofuata akawa ameshafika kwetu Tanzania, ndo maana akaitwa vamizi, kaingia kwa watu. Lakini bwana shamba akija kuongea na wakulima wa Magu au Misungwi hasemi "anavamia mahindi", anasema anashambulia mahindi, anaanza na majani machanga pale katikati. Kuingia nchini ni kuvamia, kutafuna ni kushambulia. Magonjwa nayo hivyohivyo, batobato inashambulia mihogo, haiivamii.

Kwenye sheria ndo usicheze kabisa. Kuna kosa linaitwa shambulio la kudhuru mwili, kuna shambulio la aibu, haya ni majina ya makosa, yana vifungu vyake. Ukiandika "alinishambulia" kwenye barua inayoelekea serikalini, anayesoma kichwa chake kinaenda huko moja kwa moja, anatafuta jeraha, anatafuta PF3. Kiwanja kuingiliwa ni uvamizi, mtu kapigwa ni shambulio, majambazi wameingia dukani na mapanga wakamjeruhi mlinzi hapo andika vyote viwili kwa mpangilio, walivamia duka na kumshambulia mlinzi. Usigeuze. "Walishambulia duka na kumvamia mlinzi" unaweza ukaisikia, ila inakaa kama shati limefungwa kifungo cha juu kwenye tundu la pili.

Halafu kuvamia kana maana ya mtaani ambayo kushambulia hakana, na mi naipenda sana. Kavamia fani. Yaani kaingia kwenye kazi asiyoijua. Fundi umeme aliyejifunzia kwenye nyumba za watu, MC asiyejua jina la bibi harusi, na kwakweli kuna siku mteja mmoja aliangalia CV niliyomtengenezea akasema "kaka we umevamia hii kazi". Huwezi kusema "ameshambulia fani". Kuvamia sherehe pia, kuvamia msosi, mtu hajaalikwa kaja na sahani yake. Wakati huohuo mpirani mambo yanageuka, kuna mshambuliaji, kuna safu ya ushambuliaji, lakini hakuna mvamiaji. Kinachovamiwa mpirani ni uwanja, na wanaovamia ni mashabiki.

Kulemea, kuelemea na kuzidi

Hivi vinakuja pale shida sio ghafla, shida ni uzito au wingi. Tatizo la watu wengi wakiandika wanataka neno la "wametuzidi nguvu" wanakimbilia kushambulia, wakati hakuna aliyewashambulia, wamejazana tu. Mfano mwisho wa mwezi wa kujaza fomu za mikopo ya chuo, pale kwangu wanafunzi arobaini kwenye chumba cha mita tatu, mtandao unazunguka tu. Hawajanivamia maana dukani wanakaribishwa, hawajanishambulia maana ni watoto wenye adabu, shikamoo nyingi. Nimeelemewa. Neno ndo hilo.

Kulemea ni mzigo juu yako. Gunia limemlemea, madeni yamemlemea, majonzi yamemlemea. Kuelemea kuna kuegemea ndani yake, uzito unaokuja upande wako mpaka unainama, ndo maana tunasema mtumbwi umeelemea upande mmoja, na pia tunasema hospitali imeelemewa na wagonjwa. Kwa matumizi ya sasa "kulemewa" na "kuelemewa" zimekaribiana sana na sitakugombeza ukitumia yoyote, ila kama kuna kitu kinainama tumia kuelemea. Na kwetu hapa neno hilo sio jepesi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshaikaribia Mwanza, imejaza watu kuliko uwezo wake, na mpaka leo kwenye kivuko mtu akipaza sauti tu "jamani tunaelemea" utaona watu wazima wanavyonyamaza na kuanza kuhama upande bila kubishana. Kwahiyo kwenye maandishi ya utani mi naliacha.

Kuzidi, kuzidia, kuzidiwa. Hiki kina mtego. Timu imezidiwa, sawa. Jeshi limezidiwa, sawa. Lakini mtu amezidiwa, bila kusema amezidiwa na nini, maana yake ya kwanza kwa Mswahili yeyote ni kwamba anaumwa na hali imekuwa mbaya. Mpwa wangu mmoja aliachwa asaidie kwenye duka la mjomba kipindi cha sikukuu, wateja wakajaa, akaandika kwenye grupu la familia, "Mjomba kazidiwa, mwenye nafasi aje haraka." Basi. Shangazi aliyeko Geita akaanza kulia, mmoja akafungua daftari la michango, mwingine akapiga simu kuulizia gari la kumwahisha hospitali ya Bugando, na mjomba mwenyewe yuko kaunta anapima sukari nusu kilo hajui kitu. Angeandika "mjomba kaelemewa na wateja" pasingekuwa na kilio. Ukichukua kuzidiwa, taja na nini. Lazima.

Kuzingira na ndugu zake, kwa haraka

Kuzingira ni kuzunguka ili asitoke. Polisi wamezingira nyumba, bado hawajaingia. Wakiingia ndo wamevamia. Kuhusuru ni hichohicho kwa jeshi na mji, utakikuta kwenye Biblia mwanzo wa Danieli, Nebukadreza akaihusuru Yerusalemu, ila ukikitumia kwenye barua ya mtaa watakuona umetoka mkesha. Kuvizia ni kabla, mtu kajificha anakusubiri. Kushtukiza ndo kinaeleza namna, shambulio la kushtukiza, ukaguzi wa kushtukiza, na huo wa pili wenye maduka ya dawa wanauogopa kuliko wa kwanza.

Kuandama na kusakama hivi ni vya muda mrefu. Havina kishindo. Mtu anaandamwa na madeni, na maradhi, na maswali ya mama mkwe. Kusakama kuna ubaya zaidi, anayesakamwa ameonewa, bosi anamsakama kila siku kosa dogo. Kama unaandika malalamiko ya kazini na hakuna aliyekupiga, usiandike "bosi ananishambulia", andika "ananisakama" na utaje siku na maneno, itakuwa na nguvu zaidi kuliko hilo neno kubwa.

Vya mtaani

Huku chini kuna kumvaa mtu. "Mchezaji kamvaa refa." Sio nguo, ni kumwendea kifua kwa kifua, inaweza ikaishia kwenye maneno au ngumi, na neno lenyewe halisemi. Ndo uzuri wake na ndo ubaya wake, maana kwenye stori linanoga, kwenye taarifa litakuletea maswali. Kumshukia ni kutoka juu, bosi kwa mfanyakazi, mwewe kwa kifaranga. Kumwakia ni maneno makali ya ghafla. Kutembezea mkong'oto ni wengi kwa mmoja, na hapo tumeshafika kwenye jinai, ukiandika rasmi rudi kwenye kushambulia, usione aibu.

Magazeti ya michezo yana ghala lake. Kuchapa, kutandika, kunyuka, kugaragaza, kubamiza. Hivi vyote ni kufunga, ila vina vipimo ambavyo hakuna aliyeviandika na kila mtu anavijua. Bao moja kwa bila ni kuchapa, mwandishi akisema "yaigaragaza" kwa bao moja la penati watu wanamcheka. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 Novemba 2023 hapo hata kugaragaza kulionekana kadogo, na wale wa Simba wakawa wanakumbusha 5-0 ya Mei 2012, kila mtu na kitenzi chake kulingana na jezi aliyovaa. Ila mchezo wenyewe sikia mtangazaji: timu inashambulia dakika tisini, krosi zinamiminika, imemtawala mpinzani, halafu inachapwa moja kwa kaunta ataki. Kwahiyo kushambulia hakukupi ushindi. Wana Pamba tunalijua hilo, tulikaa nje ya ligi kuu zaidi ya miaka ishirini mpaka tukarudi 2024, tusiambiwe kitu kuhusu kushambulia bila kufunga.

Na wakati mwingine neno dogo ndo linabeba. Nyerere Novemba 1978, nchi imevamiwa na Amin, alikuwa na maneno yote ya Kiswahili mkononi, mtu aliyetafsiri Shakespeare, angeweza kusema tutamshambulia, tutamsambaratisha, tutamwangamiza. Akasema kumpiga. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Kupiga anakijua mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna kijiji ambako ilihitaji ufafanuzi.

Vya kumaliza kabisa

Kusambaratisha ni kuvunja mpangilio, waliokuwa pamoja wanatawanyika, ila wapo. Polisi wanasambaratisha mkusanyiko, hawauangamizi, tuombe Mungu. Kuteketeza kuna moto ndani yake, hata pale hakuna moto unausikia. Kutokomeza wanakipenda sana wenye kampeni, tokomeza malaria, tokomeza uvuvi haramu, ni neno la kwenye fulana na bango, kwa mtu na barua yake sikushauri. Kuangamiza ndo mwisho, baada yake hakuna kitu.

Hapa nitakaa kidogo maana kuna sentensi inanikera. Watu wanaandika "sangara aliwaangamiza furu wa Ziwa Victoria". Sangara hakuja mwenyewe, aliletwa na binadamu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwahiyo hata kusema "sangara alivamia ziwa" ni kumwonea, alikaribishwa. Miaka ya 1980 akaongezeka sana, na wale samaki furu wadogowadogo, waliokuwa aina mamia, wakapungua vibaya mno, aina nyingi hazijaonekana tena, na uchafu wa maji nao ulichangia. Hizo zilizopotea, sawa, ziliangamia. Lakini furu kama furu hawajaisha, sangara alipovuliwa sana baadhi wakaanza kuonekana tena. Kwahiyo jinsi ninavyoona mimi, furu walielemewa, aina nyingi zikaangamia, zilizobaki zinapambana. Ni ndefu, najua. Ila ni kweli. Magugu maji sasa, hayo ndo unaweza kuyaita yamevamia bila kuomba radhi, miaka ya 1990 yalifunga mialo mpaka mitumbwi haitoki, na walipoleta wale wadudu wa kuyatafuna, wadudu wakayashambulia. Hayakutokomea, kila baada ya muda yanarudi, lakini yalisambaratika.

Sasa yule mama. Siku ile aliporudi nikamwomba radhi, nikamwambia hii ya pili hulipi, tuanze upya. Nikamuuliza, jirani aliingia? Akasema aliingia. Alikugusa? Hakunigusa. Alikutukana? Kimyakimya tu, usiku, nimeamka nakuta nguzo. Nikaandika: jirani yangu amevamia eneo la kiwanja changu namba fulani kwa kusogeza fensi, takriban mita tatu, usiku wa kuamkia Jumanne. Nikamsomea. Akatikisa kichwa, akasema sawa ila bado kuna kitu hujaandika, tangu fensi isogee mbuzi wake wanapita pale kila asubuhi.

"Na mbuzi nao wamevamia?" nikamuuliza.

"Mbuzi wanashambulia mchicha wangu," akasema, "hiyo andika hivyohivyo, na ushahidi ninao." Akafungua mfuko wa rambo akaniwekea juu ya kibodi mashina matatu ya mchicha yaliyotafunwa mpaka kwenye mizizi.